Sungura kwenye Mahindi ya Madatali

Mume wangu Madatali ana ugonjwa mmoja ambao madaktari wa Scarborough hawajapata kuuona: hawezi kumaliza maongezi na mtu bila kumkaribisha shambani. Mtu kanunua mahindi matatu tu, karibu shambani. Mtu kauliza njia ya kwenda stesheni, karibu shambani. Na si karibu ya mdomoni. Anampa na namba ya kufuli la geti: moja tisa sita moja, mwaka wa Uhuru wa Tanganyika, ili asisahau. Wakenya walikuwa wanajaribu sitini na tatu yao kwanza, halafu wanampigia simu wakicheka.

Shamba lenyewe tunalikodi. Liko mwisho kabisa wa Scarborough, basi linapogeuza, halafu utembee tena. Tunalima mchicha, maboga, na hasa mahindi meupe, kwa sababu Toronto ukitaka hindi dukani unapewa la njano, tamu kama pipi, na sisi tuliokulia Iringa hatuwezi kuchoma kitu kile tukasema tumekula hindi.

Mahindi yale Madatali kayatengeneza mwenyewe. Mbegu ilitoka Iringa. Aliipitishaje uwanja wa ndege sijui, na sitaki kujua. Mahindi ya kwetu yanataka miezi saba, na Kanada inakupa mitano kabla ya baridi kuua kila kitu. Mwaka wa kwanza yaliganda yote mabichi isipokuwa mawili yaliyowahi. Akapanda hayo mawili. Mwaka uliofuata akachagua tena yaliyowahi, na uliofuata tena, zaidi ya miaka kumi na tano, mpaka akapata hindi jeupe linalokauka mwezi wa kumi. Hakuna duka duniani linalouza mbegu ile. Kila mwaka anaacha kitalu katikati ya shamba, hakiguswi, kinakaukia kwenye mabua, na hiyo ndiyo mbegu ya mwakani. Ikibaki baada ya kupanda, haweki akiba, anagawa.

Mwezi wa tano wa mwaka 2012 alimpa Nyaboke, nesi wa Kikenya anayekaa Etobicoke, upande wa pili wa Toronto, ambaye alikuwa na kibustani nyuma ya ghorofa lao. Nilimsema mume wangu mbele ya mgeni, sikuona haya.

"Baba Zara, mbegu si kashata za kugawia watoto. Weka kidogo."

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," akanijibu.

Hiyo ndiyo methali yake. Nami nina yangu: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nyaboke alicheka, akazitia mbegu kwenye glavu ya hospitali, akafunga fundo, akaenda zake.

Mwanzoni mwa Oktoba tulishavuna mahindi yote ya kuuza. Shamba lilikuwa wazi, mabua yamekatwa, kimebaki kitalu cha mbegu peke yake. Asubuhi moja tukakuta alama za matairi, zimezunguka shamba zima kama mtu aliyepoteza kitu. Pembeni kulikuwa na sungura watatu, wamekufa, hakuna aliyewala. Sungura wa kule ni wakubwa, miguu mirefu. Yule wa hadithi za bibi alipewa ujanja, huyu wa Kanada kapewa mbio tu, na siku hiyo mbio hazikumtosha. Kufuli lilikuwa limefungwa vizuri. Halikukatwa.

Aliyetueleza ni askari wa kike, jina lake Melissa. Alisema kuna watu wanaingia mashambani usiku na mbwa wembamba wa mbio. Wanawasha taa za gari, sungura akikurupuka wanaachia mbwa wawili, halafu wanawekeana dau mbwa yupi atamkamata. Nyama hawana haja nayo. Akatuonya tusiwafuate, tupige simu. Kisha akauliza namba ya kufuli anaijua nani.

"Marafiki," akasema Madatali.

"Wangapi?"

Madatali akaanza kuhesabu kwa vidole. Alipomaliza mkono wa pili akaacha. Melissa akafunga kalamu yake.

Jioni ile tuligombana mpaka chai ikapoa. Nilimwambia abadilishe namba kesho yake.

"Nikibadilisha, nimewaambia wote kuwa ni wezi."

"Basi vuna mbegu zako uje uzianike sebuleni."

"Bado zina maji, Mama Zara. Zitaota ukungu. Wiki mbili tu."

"Na hao wenye mbwa watakungoja wiki mbili?"

Binti yetu Zara alikuwa kwenye simu, akatuambia kwa Kiingereza tupunguze sauti. Mtoto huyu Kiswahili anakisikia vizuri sana siku za ugomvi.

Wiki mbili hazikufika. Siku tuliyokuta kitalu kimelala, mimi ndiye niliyetangulia kukiona, nikatamani nimzuie Madatali asishuke garini. Sungura alikuwa amekimbilia mle kujificha, mbwa wakamfuata, na gari likawafuata mbwa, likaingia likatoka, likaingia tena. Mabua yalikuwa yamebandikwa kwenye tope. Yaliyosalia, bata bukini walikuwa wameshayafikia tangu alfajiri, wanapiga kelele kama wako harusini. Madatali alipiga magoti akaanza kufukua. Hindi alilolipata lilikuwa limepondeka, punje zimepasuka. Akalifuta kwa shati lake. Mimi nimemsema mtu huyu maisha yangu yote, lakini siku ile nilipiga magoti kando yake nikafukua naye.

Wale watu walirudi usiku wa pili yake. Jirani mwenye ng'ombe aliona taa, akapiga simu, wakakamatwa getini, mbwa wakiwa bado ndani ya gari. Mchana wake Melissa akaja kibandani kwetu, pale tunapooshea mboga. Mmoja wa wale, mwenye kofia ya kijani, alikuwa amesema hakuvamia. Alikaribishwa na mwenye shamba, na namba ya kufuli alipewa na mwenye shamba.

"Mwongo mkubwa!" nikasema.

Madatali alikuwa ameshika boga. Akaliweka chini taratibu.

"Alikuwa na mbwa wawili wembamba?" akauliza. "Mmoja sikio limechanika?"

Loo! Nikajua tumekwisha. Ilikuwa mwezi wa nane, sokoni tunakouza kila Jumamosi. Mtu yule kanunua mahindi, na Madatali kawaonea huruma mbwa, kawapa maji kwenye ndoo yetu ya mchicha. Mtu akauliza kama shambani kuna sungura. Madatali akamwambia wamejaa tele, wananimalizia mboga, karibu, karibu wakati wowote, namba ni hii. Kwetu mtu akikwambia hivyo unasema ahsante, na siku ukienda unabeba japo kilo ya sukari. Yule alibeba mbwa.

Melissa alieleza polepole, ili tusije tukasema hatukuelewa. Madatali akisema hakuwaruhusu kuingia usiku ule, wataendelea na shauri la uvamizi. Akisema aliwaruhusu, shauri hilo halitasimama. Mambo ya sungura na dau yatatazamwa na wengine, yeye hawezi kuahidi.

Nikaingilia kwa Kiswahili, haraka haraka. "Sema ulimkaribisha mchana. Kuangalia mahindi. Nani atakubishia?"

"Sikusema mchana."

"Baba Zara!"

"Nilisema wakati wowote, Rashida." Aliponiita kwa jina nikajua hapindiki. Akamgeukia Melissa akamwambia yote kwa Kiingereza, na ndoo ya maji hakuisahau. Melissa akamwuliza kama ana hakika. Akasema ana hakika. Askari akaondoka, akaonekana amechoka kuliko alivyokuja, na mimi nilitamani kumrushia mume wangu lile boga.

Kesho yake nilikwenda dukani nikanunua kufuli jipya. Namba nikaweka ya sanduku la posta la marehemu baba yangu, Iringa, ambayo hai aliyebaki kuikumbuka ni mimi. Madatali sikumwambia. Ningemwambiaje, wakati Jumamosi angeitangaza pamoja na bei ya mchicha? Kila asubuhi alingoja nishuke nifungue, naye akaangalia upande mwingine, kama mtu anayepisha mwenzake avae. Hakulalamika hata mara moja. Hilo lilinikera zaidi.

Tukawa tunasafisha kibanda tukifunge kwa msimu wa baridi. Mzungu anayetukodisha shamba alikuwa ameuliza mwakani tutapanda nini, na Madatali alisema maboga. Alilitamka neno hilo kama mtu anayetaja jina la shemeji asiyempenda. Baadaye akakaa juu ya kreti, mikono imemlalia magotini, na mtu huyu mimi sijapata kumwona amekaa shambani mchana.

Simu yangu ikalia. Nyaboke.

"Mama Zara, shikamoo. Niko hapa kwa geti na hii kufuli imenikatalia. Nimejaribu sitini na moja, nikajaribu hata sitini na tatu yetu."

"Marahaba. Tumebadilisha."

"Aki pole, nimesikia yaliyowapata." Upepo ulikuwa unampiga, nilikuwa nausikia ndani ya simu. "Si neno, nitawaangikia tu hapa kwa geti nirudi, basi isiniache."

"Unaangika nini?"

"Mahindi. Ile mbegu Mzee alinipa. Mengi tulichoma, si unajua watoto. Halafu nikapewa zamu za usiku mwezi mzima, hata bustani sikuingia, na yale ya mwisho yamenikaukia kwa mabua. Ni matano tu. Nilikuwa nayaonea haya, lakini nimeyagonga, yanalia kabisa."

Simu yangu ina sauti kubwa, Zara huwa ananilalamikia, na Madatali alikuwa hatua chache kutoka kwangu. Alikuwa ameinua kichwa. Nilingoja aseme ile methali yake. Wallahi angeisema siku ile nisingemjibu kitu. Hakuisema. Alikuwa ananitazama mimi, na hakuomba lolote.

Ningeweza kwenda kumfungulia Nyaboke kwa mkono wangu. Geti si mbali.

"Mama Zara? Uko?"

"Nipo. Usiangike kitu, mwanangu, ingia," nikasema. "Shika namba." Nikaitaja, tarakimu moja moja, kwa sauti, na Madatali amekaa palepale anasikia.