Chatu wa Kufundishia

Afisa wa wanyamapori hakubisha hodi. Alipiga mlango teke, komeo likaruka mpaka chini ya meza. Dereva wake alifuata nyuma na gunia.

"Chatu yuko wapi, mama?"

"Barua yenu inasema Ijumaa. Leo Jumatano," alisema Mwalimu wa Nyoka, kama mtaa mzima ulivyomwita. "Na nimeomba kibali cha kufundishia. Sijajibiwa bado."

"Nyoka wa kigeni ni marufuku. Hicho kibali kitamkuta chatu ameshachomwa sindano ya kumuua."

Damu ilimchemka Mwalimu. Miaka kumi na miwili alikuwa akizunguka madarasani na Bibi, chatu wake wa kutoka Asia, mrefu kuliko kitanda, mpole kupita kiasi. Watoto waliompokea kwa mayowe walimaliza wakigombania kumshika. Bibi hakuuma hata mmoja, maana hakuna aliyemgusa kabla ya kunawa kwa sabuni.

Afisa, kwa ubabe usio na kichwa wala miguu, alianza na sungura wa kumlisha chatu. Aliwakamata mmoja mmoja kwa masikio, akawabwaga guniani. Dereva alibeba sanduku la vifaa vya Mwalimu kupeleka garini. Kisha afisa akafungua kizimba cha kioo.

"Nawa kwanza! Unanuka sungura!"

"Usinifundishe kazi."

Bibi alimrukia usoni. Meno yalizama shavuni, damu ikachuruzika, na mwili ukamzunguka shingo mara tatu. Afisa alianguka chali juu ya kioo, kikavunjika chini yake.

Mwalimu aliushika mkia, akaanza kuukunjua. "Spiriti! Imo sandukuni, mtie chatu mdomoni ataachia!"

Dereva, aliyekuwa amerudi mlangoni, alitimua mbio, akajifungia garini pamoja na sanduku. Mwanaume mzima!

Midomo ya afisa iligeuka myeusi. Miguu ikaacha kurusharusha. Mwalimu alichukua kisu cha jikoni, akakata nyuma ya kichwa cha Bibi huku analia kwa sauti. Mfupa ulikuwa mgumu. Alikata tena na tena, mpaka mwili ukalegea.

Afisa alikohoa, akavuta pumzi. Kichwa kilikuwa bado kimemng'ang'ania, na Mwalimu alikuwa akikibandua taratibu, jino moja moja, asimchane. Dereva alichungulia mlangoni.

"Andika," afisa alikoroma. "Mnyama ni hatari. Kibali kikataliwe."

Mwalimu aliondoa mikono yake.

"Haya," alisema. "Mtoe mwenyewe."