Taa za Mama Shanice

Kabla hujaanza kunionea huruma, jua kwamba mimi si mtu wa kuonewa huruma. Mke wangu Alice alifariki mwezi wa tatu na kwa miezi mitatu sikulia. Sikulia nyumbani Chawia tulipomzika, sikulia ofisini Wundanyi, sikulia popote. Akina mama wa kanisa walikuja na sufuria zao, wakaniangalia usoni wakitafuta machozi, wakayakosa, wakaenda zao. Kila mtu aliniuliza, "Baba Shanice, uko sawa?" Nikajibu niko sawa. Na haikuwa uongo. Ukijigonga kidole na nyundo asubuhi ya baridi, kwanza husikii kitu. Mimi nilikaa hapo pa kwanza miezi mitatu.

Kazi yangu ni kupima ardhi. Miaka ishirini na sita nimefanya hiyo kazi. Ndugu wakishikana mashati juu ya mpaka, mimi ndiye naitwa na tepu yangu kutafuta bikoni, kile chuma kilichozikwa kwenye kona ya shamba. Bikoni ikipotea, natafuta alama nyingine na naipata. Sijawahi kushindwa. Nayasema haya ili ujue ni mtu wa aina gani aliyefanya ujinga ninaotaka kukueleza.

Alice alikuwa nesi, zamu yake Voi. Alijinunulia gari ya umeme, nyeupe, ndogo, iliyokwisha kutumika Japani. Nilimwambia, "Stima ya Chawia inapotea mvua ikipiga chafya, hiyo gari utaichaji na nini, maombi?" Akacheka tu. Kumbe gari ya umeme ikishuka mlima inajichaji yenyewe. Anatoka nyumbani na asilimia sabini, anafika Mwatate na sabini na nne, ananipigia simu kunicheka. Asubuhi ikiwashwa ilimsalimu kwa Kijapani, naye akaijibu kwa Kidawida, lugha ya kwetu, kwa heshima zote, kama anaongea na mama mkwe.

Kwenye mlango wa dereva kuna vitufe viwili vya kukumbuka mkao wa kiti. Namba moja ni Alice, namba mbili ni mimi. Alice alikuwa mfupi. Ukibonyeza moja, kiti kinanguruma kidogo, kinasogea mbele, kinapanda juu, mgongo unanyooka. Ukibonyeza mbili kinarudi nyuma kabisa kwa sababu ya hii miguu yangu. Baada ya mazishi nilianza kuendesha mimi. Kila jioni nikifika nyumbani natoka nje, nabonyeza moja, nasimama hapo mlangoni naangalia kiti kikienda mahali pake. Kisha nafunga mlango. Asubuhi nabonyeza mbili ndipo niingie. Hakuna aliyejua. Ukiniuliza nilisikia nini nikikiangalia, nitakwambia sikusikia kitu. Lakini hata jioni moja isingepita bila hicho kiti. Nguo zake zilikuwa zimegawanywa na dada zake, simu yake ilikuwa kwa Shanice, binti yetu, huko Nairobi. Kilichobaki kikitembea kwa amri ya Alice ni kiti peke yake.

Halafu mzigo ukafika. Siku kumi na moja baada ya mazishi, ujumbe ukaingia kwa Shanice: Alice, mzigo wako uko Voi. Ulikuwa mfuko wa plastiki mweupe, ndani taa za utepe, nyembamba kama kamba za viatu, na kisanduku kidogo cha kuziongoza. Zile taa za ndani ya gari, za kuzungushia milango na chini miguuni. Nilizijua. Tuligombana juu yake mwezi wa pili. Alisema anatoka saa kumi na moja giza likiwa bado, kalamu ikianguka haioni, miwani ikianguka haioni, na zaidi ya hayo anataka tu akiingia garini ajisikie ameingia mahali. Nikamwambia, "Gari si disco, Mama Shanice." Akaziagiza bila kuniambia. Mwezi uliofuata akaanguka wodini katikati ya zamu, presha, akiwa ameshika faili la mgonjwa.

Watu husema majuto ni mjukuu. Mimi mjukuu bado sina, lakini majuto ninayo.

Mfuko ulikaa juu ya kabati mpaka mwezi wa sita. Siku moja nikauteremsha, nikashuka nao Voi, nikauliza nani anajua waya za gari za umeme. Wote wakaniambia Kasiva.

Kasiva ni mama wa miaka thelathini na kitu, ovaroli ya buluu, kitambaa kichwani, ana banda la mabati pembeni ya barabara ya malori. Mdomo anao.

"Mzee, hii si gari, hii ni simu yenye magurudumu," akasema. "Taa unataka rangi gani?"

"Yoyote."

"Hakuna rangi inaitwa yoyote."

Nikampa mfuko. Juu yake palikuwa na karatasi ya oda, na hapo Alice alikuwa amechagua rangi. Rangi ya chungwa hafifu. Sikujua hilo. Nilikuwa nimekaa na mfuko miezi yote hiyo bila kusoma.

"Sharti ni moja," nikamwambia. "Kiti cha dereva usikiguse. Usikisogeze hata kidole."

"Nitapita chini yake na waya?"

"Pita pembeni."

"Sawa, mzee. Kiti sigusi." Hakuniuliza kwa nini. Mafundi wa Voi wamezoea masharti ya wateja. Na mimi, mjinga, sikueleza. Nilikuja kwa namba mbili, kiti kilikuwa kimekaa mkao wangu. Mkao wa Alice ulikuwa ndani ya kumbukumbu ya gari, mahali ambapo mkono haufiki.

Nikaketi kwenye tairi kuukuu chini ya bati, nikachukua gazeti la wiki iliyopita. Kasiva alikuwa fundi mzuri, lazima niseme. Alinionyesha waya nene za rangi ya chungwa chini ya boneti, akasema hizo hata ulipwe huzigusi, zinaua. Taa zitakula stima ya betri ile ndogo ya kawaida. Kisha akachukua spana namba kumi, akafungua teminali ya negativu ya hiyo betri, akaifunga kwa kitambaa, na spana akaitia mfukoni mwake.

"Mzee Kitheka aliyenifunza alikuwa ananichapa nikisahau," akasema. "Kwanza negativu, halafu spana mfukoni, ndiyo mtu asije akarudisha stima ukiwa na waya mkononi. Sijawahi kuchoma gari ya mtu."

Nikasema vizuri. Nilimwona kwa macho yangu akiitoa, nikasema vizuri, nikarudi kwa gazeti.

Alibandua plastiki za milango polepole, akapitisha taa kwenye mikunjo, akashusha nyingine chini ya deshibodi, waya akazifunga moja moja. Adhuhuri akarudisha teminali. Gari ikalia tiii. Nikainuka. Saa ya gari ilikuwa inasoma sifuri sifuri. Nilipoiona hiyo saa nilijua: betri ilipofunguliwa, gari ilipoteza kumbukumbu yake yote. Nikaenda mlangoni, nikabonyeza moja.

Kimya. Nikabonyeza tena, nikashikilia. Kiti hakikunguruma, hakikusogea.

"Kuna shida, mzee?"

"Kiti kimesahau."

"Sijakigusa! Nakuapia, mzee, hata goti sijaweka."

"Hujakigusa," nikasema. Ni kweli, hakukigusa. Nilitafuta hasira, maana hasira huwa ninazo, muulize karani yeyote Wundanyi. Sikupata hata moja. Nikarudi kwenye tairi langu. Lori likapita, vumbi likaingia bandani, nikakaa tu ndani ya hilo vumbi.

Kasiva akaja akasimama mbele yangu akipangusa mikono. "Kiti kilikuwa na nini?"

Nikamwambia. Namba moja, namba mbili, jioni, mlangoni. Nilimwambia kama ninavyosoma vipimo vya shamba la mtu.

"Woi," akasema. Akaketi chini, kwenye sakafu yenye mafuta. "Woi, mzee. Ni mimi. Ni ile negativu."

"Ni mimi. Sikukwambia."

"Tunarudisha. Alikuwa mrefu kiasi gani?"

Miaka ishirini na sita ya kupima, najua mashamba ya watu kwa sentimita, najua mpaka wa kanisa na wa shule. Mke wangu sikujua urefu wake. Kiti chake nilikiangalia kila jioni na tepu iko kwenye begi nyuma ya gari, nisipime. Aibu niliyoiona hapo ilikuwa ya mbali, kama ni ya mtu mwingine. Nikasimama, nikanyoosha kiganja mbele ya kifua changu, chini kidogo ya bega.

"Alifika hapa."

Kasiva akaja akasimama chini ya kiganja. "Je, mimi?"

"Umepungua vidole viwili."

Akachukua kitambaa cha mkono, akakikunja mara nne, akakiweka juu ya kichwa. "Sasa?"

"Sasa sawa." Na nikaona jinsi tulivyo, mzee wa suti na fundi mwenye tambara kichwani katikati ya Voi. Alice angecheka mpaka ashike ukuta.

"Urefu pekee hautoshi," nikasema. "Bikoni moja haionyeshi shamba."

"Acha kwanza tuone taa kama zinawaka. Kazi iishe, halafu tufikirie."

Jua lilikuwa kali, ndani ya gari usingeona taa. Akavuta turubai la lori, tukafunika gari yote kama maiti, samahani, ndivyo ilivyokuwa. Akaingia upande wa abiria, mimi nikachuchumaa kwenye mlango wa dereva, turubai mgongoni. Joto ajabu. Akawasha.

Mwanga ukatoka chini, kwenye miguu. Mwanga wa chungwa hafifu, unaolala juu ya kapeti badala ya kuanguka kutoka juu. Na mwanga wa namna hiyo, mtu wa kazi yangu anaujua, ndio unaoonyesha kila kishimo. Jioni jua likilala shambani ndipo unapoona mahali ua wa zamani ulipopita.

Kwenye kapeti, chini ya pedali, palikuwa na kishimo. Kidogo, cha duara, nyuzi zimeliwa. Si changu. Kisigino changu hukaa nyuma zaidi na ni kipana. Ni viatu vya kazi vya Alice. Miaka mitatu ya Chawia mpaka Voi, kisigino kimoja, mahali pamoja.

"Kasiva," nikasema. "Bikoni."

Akainama, akaona. Kisha akanionyesha yeye mlangoni, pale mkono unapoegemea: palikuwa na sehemu inang'aa, imesuguliwa na kiwiko. Na juu, kwenye kiegemeo cha kichwa, doa la mafuta ya nywele. Mafuta yale nayajua.

Alizunguka akakaa kiti cha dereva, tambara kichwani. Kisigino kishimoni, kiwiko kwenye pale panapong'aa. Mimi nikashika vitufe vya kusogeza kiti: mbele, mbele, juu, rudi kidogo, mgongo nyoosha.

"Kichwa kimefika doa?"

"Bado. Hapo. Hapo, mzee!"

Akanifundisha kubonyeza kitufe kidogo cha kuhifadhi mkao, kisha moja. Gari ikalia tiii. Nikachukua tepu begini nikapima kutoka reli mpaka kiti, kutoka sakafu mpaka kiti, nikaandika kwenye daftari la kazi.

"Sasa unapima," akasema Kasiva.

"Nyamaza, fundi."

Akashuka. Nikarudisha kiti nyuma kwa mkao wangu, tukauhifadhi kwenye mbili. Nikabonyeza moja. Kikanguruma, kikaja mbele, kikapanda, kikasimama.

Huwa hapo nafunga mlango. Sijui ni nini kilichonisukuma. Hizo taa, labda. Nikaingia. Nikaingia kwa namba moja, kitu ambacho sijawahi kufanya hata Alice akiwa hai, maana kulikuwa na sababu gani? Nikakunja miguu, kichwa kikagusa paa, nikasukuma kisigino changu mpaka kwenye kile kishimo. Hakikutosha. Kiatu changu kilikaa juu yake tu. Mwanga ulikuwa kwenye milango yote miwili na chini, na hapo, katika joto la turubai, nikajua alichotaka. Ukikaa humo, umeingia mahali. Kweli kabisa, umeingia mahali, na mimi nilimwambia gari si disco.

Nikataka kutoka haraka. Goti likagonga chini ya usukani, pale penye mfupa. Likauma. Likauma vibaya, maumivu yakapanda paja, yakafika tumboni, yakafika kifuani, na yalipofika kifuani hayakuwa tena ya goti.

Kasiva akafunua turubai. Mwanga wa mchana ukaingia, akaniona.

"Mzee, umeumia?"

Watu wameniuliza swali la aina hiyo tangu mwezi wa tatu, na jibu langu unalijua.

"Ndiyo," nikamwambia. "Nimeumia."