Mikono ya Kumwosha Khadidja

Khadidja, rafiki yangu tangu utotoni, alikufa alfajiri, na mazishi yakapangwa kabla ya adhuhuri. Astaghfirullah, nilimkasirikia. Angengoja jioni ningekuwa na mikono! Baridi yabisi hunikaza vidole kila asubuhi mpaka jua liwe juu, na yeye alijua. Tena ndiye aliyeniapisha kwamba asioshwe na mtu mwingine ila mimi, Mwanvua.

Hapa mtaani kwetu Bwiza nimeosha maiti za wanawake wengi. Lakini asubuhi ile, nimeketi jikoni vidole vimo ndani ya beseni la maji ya moto, niliogopa kweli. Je, kichwa chake kikiniponyoka mbele ya binti zake?

Fabiola, dada wa hospitali anayetufundisha sisi wenye viungo vibovu kufanya kazi zetu upya, alinikataza kushika kwa vidole kitu kinachoweza kubebwa na kiganja au mkono mzima. Nilimbishia sana. Eti mtoto wa Kinindo, mtaa wa wenye nacho, anifundishe mimi kushika maiti! Sasa nilikuwa nayatafuta maneno yake kichwani, moja moja, nisisahau hata moja.

Tulipoanza kumwosha, nilimwambia Raihana, binti mkubwa wa marehemu, anifunge kitambaa cha kuoshea mkononi, maana kukikamata nisingeweza. Akanitazama kwa wasiwasi.

"Mama mudogo, utaweza kweli?"

"Funga tu."

Kichwa nilikilaza juu ya mkono wangu, karibu na kiwiko. Kopo nililibana kwa viganja viwili. Nikamwagia upande wa kulia, kisha wa kushoto, ulimi ukiomba dua zote ninazozijua. Namshukuru Mungu, hakuniponyoka.

Tukamvika sanda. Hapo fundo likanishinda. Nikajaribu, likateleza, nikajaribu tena, machozi yakanitoka kwa hasira, kwa sababu niliapa kumhudumia mwenyewe mpaka mwisho. Fabiola aliwahi kuniambia kuomba msaada nako ni kazi, nami nikamcheka.

"Raihana," nikasema, "funga we. Mi nimeshindwa."

Akafunga, vizuri kabisa. Tulipotoka nje akaleta birika la maji ya uvuguvugu, akaninawisha, mkono wa kulia kwanza, kidole kwa kidole, taratibu mno.

"Mwosha huoshwa, najua," nikamwambia. "Lakini mi sijafa bado."

Akacheka, kisha akaanza kulia, na mkono wangu hakuuachia.