Ngoma Ilipommeza Bibi Kisa

Usijifanye hukusikia. Uliisikia redio ya kando ya ziwa ikimkata Bibi Kisa, msomaji wa matangazo ya vifo, katikati ya jina la marehemu, wimbo wa harusi ukaingia, nawe ukaendelea kumenya ndizi. Ukasema mama wa watu kazeeka, sauti imekwisha. Ukageuza shingo, kama ulivyozoea.

Angetile hakugeuza shingo. Yeye alikuwa akisubiri.

Kijana huyu alikula kwa kutengeneza spika pale Kasumulu, karibu na malori yanapopanga foleni ya kuvuka mto Songwe. Kuandika programu alijifunza na Sylvester kwenye simu moja yenye kioo kilichopasuka, na simu ilikuwa ya Angetile. Hilo hakulisahau. Leo Sylvester ndiye fundi wa redio, picha yake imetundikwa mapokezi, wauza mchele wanamwita injinia. Angetile wanamwita "wewe wa spika." Wivu ukamkaa kooni kama mwiba wa samaki mbasa: akila unachoma, akicheka unachoma.

Sylvester alipoandika programu ya kupima nguvu ya sauti, alimtumia aione. Si kuomba ushauri, ni kuringa. "Kaka, tazama kazi. Studio ikinyamaza, mashine yenyewe inapiga wimbo."

Angetile akaisoma. Programu ilishika jumla moja: kila punje ya sauti inayoingia inaongezwa, na ile iliyokwisha muda wake inatolewa. Lakini jumla yenyewe iliwekwa kwenye namba fupi, inayobeba tarakimu saba hivi tu. Na matangazo ya vifo huanza na ing'oma, ngoma kubwa za msibani, maana kwetu mtu hafi kimyakimya. Ngoma zikishaijaza jumla, sauti ndogo inayofuata haihesabiki. Rusha konzi ya mchele juu ya lori lililosheheni pale mizani ya mpakani, uone kama mizani itatikisika. Kisha ngoma zikitoka, programu inaanza kutoa zile konzi ambazo haikuziingiza. Jumla inazama chini ya sifuri. Na jumla ikizama, Sylvester alikuwa ameandika: hesabu kuwa ni kimya.

Dawa ilikuwa ndogo. Tumia namba ndefu, na jumla ihesabiwe upya kila mara. Angetile akaandika, "Safi sana, injinia," akaweka simu mfukoni. Acha imwaibishe mbele za watu.

Ikamwangukia mama yake mdogo, Bibi Kisa.

Kisa alisoma vifo kwa sauti ya chini, ile inayomfaa mfiwa. Mashine ikamkata leo, ikamkata kesho. Kuna ukoo kule Busale walizikiwa shangazi yao wenyewe hawapo, jina limemezwa na wimbo wa harusi. Meneja Emanueli akaamua Kisa apumzike, kiti akikalie mtangazaji Nancy, kwani Nancy ana koo la nguvu.

Hapo ndipo Angetile alipofunga kibanda akaenda redioni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunibebea mkoba?"

"Nimekuja kuongea na hawa."

Sylvester akacheka. "Wa spika amekuja kutufundisha."

Angetile akaeleza kosa. Emanueli akamsikiliza hadi mwisho, kisha akasema taratibu, kama anayempa pole, "Wivu huo, Angetile. Kyela nzima inajua."

"Ninao. Ninao tangu simu yangu ilipokufundishia fundi wako. Ile picha yake mapokezi naiota. Sasa wekeni ngoma."

Kisa akaketi mbele ya kipaza sauti bila kuombwa. Sylvester akapiga ngoma, mshale wa kipimo cha programu ukaruka hadi kwenye wekundu. Ngoma zikaisha, mama akasoma. Mshale ukashuka, ukalala. Akaendelea kusoma, mshale umelala tu. Wimbo wa harusi ukaingia.

"Zima programu, iwashe upya," alisema Angetile. "Sasa bila ngoma."

Kisa akasoma karatasi ileile kwa sauti ileile. Mshale ukainuka, ukawa unacheza, mpole kama yeye.

Sylvester alitazama mezani. "Uliliona lini hili?"

Angetile angeweza kudanganya. "Siku uliyonitumia."

Kisa akavua miwani. "Kwa hiyo huyu alinikata kwa kutojua. Wewe je, mwanangu?"

Mwiba ulikuwa bado kooni mwa Angetile, ila sasa alijua ni wake mwenyewe.

"Nisamehe, mama."

"Ndaga kwa kusema," akajibu, neno la shukrani lililokuwa baridi kama maji ya mlimani. Akachukua mkoba wake mwenyewe.

Unadhani walirekebisha? Emanueli alisema Nancy keshatangazwa, kurudi nyuma ni aibu kwa redio. Sylvester alisema dawa inayotoka mkononi mwa yule wa spika haitaingia kwenye programu yake. Wivu nao una pande mbili. Hivyo ngoma inaendelea kumeza kila mwenye sauti ndogo, mgonjwa anayeomba damu, mzee anayetafuta mjukuu, na kesho jina litakalomezwa linaweza kuwa la kwenu.

Angetile amekwisha kujibu alilojibu. Swali la Bibi Kisa sasa ni lako: wewe je? Weka kisu cha ndizi chini. Nenda kwenye geti la redio leo, kabla ngoma za matangazo hazijaanza, uwaambie waibadilishe ile namba fupi na wamrudishie mama kiti chake. Usiondoke pale mpaka umsikie akisoma.