Ndoo ya Kuku Nyumbani kwa Abu Dirar

Ijumaa, tarehe 22 Novemba 2024, saa tisa na nusu alasiri, manyunyu ya baridi yakiwa yanaunyeshea mji wa Irbid, kaskazini mwa Jordan, tangu adhuhuri, wanaume wapatao thelathini walishuka magarini mbele ya nyumba ya Abu Dirar na kujipanga nyuma ya Haji Thalji. Mutasim, mtoto wa kaka yake, alisimama katika safu ya tatu. Walikuja kuomba atwa, mapatano ya muda baina ya koo. Luay, mdogo wake Mutasim, alikuwa amemgonga Dirar kwa gari na kumvunja nyonga. Dirar alikuwa hospitalini na Luay alikuwa mahabusu, ambako angebaki mpaka jamaa wa majeruhi watoe atwa.

Mutasim alijua vema namna jambo hilo linavyoendeshwa, kwa kuwa kiangazi cha mwaka huo alikuwa ameongoza tangazo la biashara lenye desturi kama hiyo.

Kampuni ya Abu Urf, wauzaji wa kuku wa kukaanga, ilikuwa imempa kazi ya matangazo matatu ya kuchekesha. Mutasim hakuwa mwongozaji wa kumtelezesha mtu sakafuni ili watazamaji wacheke. Alilelewa katika shule ya bweni ambako kazi iliyofanywa nusunusu ilirudiwa mbele ya wenzako, na kanuni hiyo aliipeleka kazini: kichekesho, alisema, hujengwa kwa uzito. Kwa hiyo alimtaka mwigizaji wake ajifunze kwa mtu anayejua, akampeleka kwa ami yake, Haji Thalji, aliyekuwa ameongoza misafara ya posa na ya suluhu kaskazini yote.

"Ni tamthilia, ami," alimwambia.

Haji akafundisha kwa moyo wake wote. Kikombe huwekwa mbele ya goti la kulia, hakisukumwi. Macho humtazama mwenyeji, si kahawa. Sauti haipandi.

Siku ya kurekodi, mwigizaji alishindwa kujizuia.

"Mzee wangu, ukicheka wewe, nyumbani hakuna atakayecheka," Mutasim alimwambia. "Umekuja kuomba binti wa watu. Turudie."

Walirudia mpaka mzee wa watu akawa na uso wa kadhi. Katika tangazo, mzee anaweka kikombe na kutamka kwamba ujumbe wake hautakunywa kahawa mpaka upewe ulichokifuata. Mwenyeji anajibu kwa machozi kwamba binti ni wao. Mzee anashangaa: "Binti gani? Sisi tumefuata ndoo ya kuku."

Nchi nzima ilicheka. Watoto waliliigiza shuleni. Rula, msimamizi wa masoko wa Abu Urf, alitaka la pili lipigwe upesi, nalo liwe la atwa. Haji Thalji hakumpigia Mutasim simu tangu tangazo lirushwe. Jina la mwongozaji haliandikwi kwenye tangazo, na kwa mara ya kwanza Mutasim hakulilalamikia jambo hilo.

Sasa, katika sebule ya Abu Dirar, Haji alipokea kikombe cha kahawa chungu, akakiweka mbele ya goti la kulia, akamtazama mwenyeji.

"Abu Dirar, kahawa yako ni ya mtu karimu, lakini hatuinywi mpaka utupe tulicho…"

"Ndoo ya kuku," mtu alinong'ona upande wa vijana wa nyumba ile.

Mmoja alijikohoza ili kukificha kicheko, mwingine akashindwa. Kicheko kilivuka chumba kikafika hata nyuma ya Haji, kwa binamu zake Mutasim mwenyewe, waliojiinamia mabega yakiwatikisika.

Abu Dirar hakucheka. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukesha hospitalini.

"Haji, mwanangu amefungwa vyuma mpaka kiunoni. Nimewafungulia mlango, nimewapa kahawa, nanyi mnaniletea vichekesho?"

"Hatukuja kucheka, Abu Dirar."

"Watu wako wanacheka. Nawaona."

Haji Thalji angeweza kugeuka na kunyoosha kidole kwenye safu ya tatu, na lawama yote ingemwondoka. Hakugeuka. Alikaa na kikombe mbele yake na mkono juu ya goti, mzee wa heshima anayeonekana kama anamwigiza mwigizaji aliyemfundisha yeye mwenyewe. Mutasim alimtazama kwa jicho la kazi, akaona kwamba kweli inachekesha, na kwamba yeye ndiye aliyeifanya ichekeshe. Uso ulimwaka. Akasimama.

"Bwana Abu Dirar, tangazo lile nimelitengeneza mimi. Haji alitufundisha akidhani ni tamthilia, kwa sababu nilimdanganya. Aliyemgonga mwanao ni mdogo wangu. Kama kuna wa kufukuzwa, nifukuze mimi. Mzee huyu usimrudishe mikono mitupu."

"Wewe ndiye unayeuza kuku kwa ndevu za wazee wetu?"

"Ndiyo, bwana."

"Inalipa?"

"Inalipa."

"Basi ungekuja na ndoo, kaka," kijana mmoja alisema. Abu Dirar akamwonyesha mlango, na kijana akatoka nje.

Kisha mwenyeji akamgeukia Haji. "Kunywa kahawa yako. Atwa umepewa, miezi mitatu, kwa heshima yako wewe. Kijana wenu atoke mahabusu." Akaongeza, bila kupandisha sauti: "Huyu asinywe kwangu."

Haji akanywa. Mmiminaji alizunguka chumba kizima, akampa kila mmoja, hata waliocheka, akampita Mutasim. Mutasim alikaa katikati yao asijue mikono aiweke wapi.

Nje, alimfungulia ami yake mlango wa gari.

"Ami, nimemwandikia Rula. Tangazo linaondolewa, na la pili sitalipiga."

"Vizuri."

"Na nitakuja kwako na wazee, nikuombe radhi mbele yao, kama inavyotakiwa."

"Uje uweke kikombe mbele yangu, kama kwenye tangazo lako, sivyo?"

Mutasim alibaki ameushikilia mlango.

"Baba yenu alinikabidhi ninyi wawili," Haji alisema akikusanya joho lake ndani ya gari. "Luay nimemtoa, na kwa baba yenu sidaiwi tena. Lakini deni lako wewe kwangu sitakubali ulilipe, mwanangu. Ukija na wazee, sitawafungulia mlango."

Akaufunga mlango mwenyewe, akamwambia dereva waende.