Bega la Kushoto

Aikaeli hakuwa fundi cherehani, na majirani wa Sokon I walipomwita hivyo aliwakatalia kwa upole. Alikuwa karani katika kampuni ya maua upande wa Usa River, kazi ya kukaa mbele ya kompyuta tangu asubuhi. Kushona kilikuwa kitu chake mwenyewe. Mama yake alimpa cherehani siku alipoolewa kutoka Machame, ikakaa pembeni bila kuguswa mpaka Violet, mtoto wake wa kwanza, alipoanza kutembea. Jumamosi moja Aikaeli alichukua kipande cha kitenge kilichobaki nyumbani, akamkatia mtoto gauni kwa kukisia. Halikuwa gauni la kumwonyesha mtu. Lakini Violet alilivaa akazunguka nalo uani akijitazama tumbo, na mama yake akajua kwamba atashona jingine.

Tangu hapo hakuwahi kuwanunulia watoto nguo za dukani. Alimshonea Violet, baadaye akamshonea na mdogo wake Elinaza kaptura na mashati. Hata sare za shule alizishona mwenyewe. Wenzake kazini walipomwomba awashonee na watoto wao, alisema hana muda, na haikuwa kweli. Alichokipenda hakikuwa tu kuona nguo imekamilika. Alipenda saa ile ya kupima, mtoto akiwa amesimama juu ya kigoda, yeye amepiga magoti na pini mdomoni, hawezi kujibu lolote. Violet alikuwa msichana wa maneno machache, lakini juu ya kigoda alisema mengi: mwalimu aliyemwonea, rafiki aliyehamia Moshi, ndoto aliyoota. Labda alisema kwa sababu alijua mama hawezi kumkatiza.

Violet alipofika darasa la sita, Aikaeli alimshonea gauni la njano la Krismasi. Alipomvalisha, pindo lilishuka upande wa kushoto. Akadhani amekata vibaya. Alifumua, akapima tena, akashona upya, na pindo likashuka vilevile. Akarudia kukagua kitambaa, nacho kilikuwa sawa pande zote. Ndipo akainua macho, akamtazama mtoto kwa nyuma. Bega la kushoto lilikuwa chini kidogo kuliko la kulia, na mfupa wa bega la kulia ulikuwa umejitokeza chini ya ngozi.

Alimwambia Violet asimame vizuri. Violet akasema amesimama vizuri.

Aikaeli alilirudisha gauni mezani. Alikata kipande cha bitana, akakikunja, akakishonea kwa ndani kwenye bega la kushoto, kisha akapandisha pindo upande huo. Gauni likakaa sawasawa. Kanisani watu walilisifia, na yeye akafurahi kama alivyofurahi siku zote. Alijiambia kwamba watoto hukua ovyo, mguu unatangulia, bega linafuata, mwisho vyote vinafikiana.

Havikufikiana. Kila nguo mpya ilihitaji bitana nene kuliko ya nguo iliyotangulia. Aikaeli alijifunza kuitandaza kwa ngazi, tabaka dogo juu ya kubwa, ili isionekane, kuweka marinda mahali ambapo mgongo ulijaa, kuchagua vitambaa vya maua makubwa vinavyochanganya jicho. Ulikuwa ushonaji mzuri kuliko wowote aliowahi kuufanya. Mumewe, Elihuruma, alikuwa dereva wa watalii. Alikuwa porini wiki nzima, akirudi anamkuta binti yake amependeza. Nyumbani kulikuwa na kioo kimoja kidogo ukutani, cha kutazamia uso. Violet mwenyewe hakuwa na sababu ya kuwaza lolote. Kila akishuka kwenye kigoda, mama yake alimshika mabega yote mawili na kumwambia umependeza.

Mwaka ambao Violet alikuwa anamaliza mafundisho ya kipaimara, kamati ya wazazi iliamua wasichana wote wavae gauni jeupe la mshono mmoja, tena kwa fundi mmoja, Susana wa Kwa Mrombo, ili pasiwe na wa kujionyesha. Aikaeli aliomba amshonee wa kwake kwa kufuata mshono uleule. Wakamkatalia. Akaomba basi apeleke mwenyewe vipimo vya mtoto, na hilo wakalikubali, lakini Jumamosi moja baada ya mafundisho, kabla hajavipeleka, wasichana walikwenda kwa Susana wote kwa pamoja, na Violet akafuatana nao kama walivyokwenda wenzake.

Yaliyotokea huko Aikaeli alisimuliwa baadaye. Susana alipima wasichana mmoja mmoja mlangoni pa chumba chake. Alipomfikia Violet akamwambia asimame wima. Akamwambia tena. Akampima bega hadi kiuno upande wa kulia, kisha wa kushoto, kisha akarudia. Wasichana wengine wakageuka kutazama. Susana hakuwa na nia mbaya. Alimsogeza pembeni, akamuuliza kama anaumwa mgongo, na Violet akasema hapana. Akamwambia amweleze mama yake ampeleke hospitali, kwa sababu mgongo wake umepinda.

Aikaeli alirudi kutoka sokoni akamkuta Violet chumbani, nguo zake zote zimetandazwa kitandani. Alikuwa ameshika wembe wa kufumulia nyuzi. Gauni la kijani, la Pasaka iliyopita, lilikuwa limefumuliwa begani, na vipande vya bitana vimepangwa juu ya shuka, kimoja kando ya kingine.

"Ulijua," Violet alisema.

Aikaeli aliweka kikapu chini. Alifikiria kusema kwamba mafundi wengi huweka kitu begani, na kwa mtoto mwingine ingekuwa kweli.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu lile gauni la njano."

Violet alivitazama vile vipande. Hakulia, na mama yake alitamani angelia.

"Na mimi siku zote najua nimenyooka," alisema. "Kumbe zilikuwa nguo."

Aikaeli alianza kueleza kwamba hakutaka ajisikie vibaya, kwamba alidhani ataona aibu mbele ya wenzake. Violet alimsikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, kama anavyomsikiliza mgeni. Halafu akauliza kama anaweza kubaki peke yake.

Elihuruma aliporudi kutoka safari, Aikaeli alimweleza yote jikoni, bila kujipunguzia kosa. Alijiandaa kwa maneno makali. Mumewe hakuyatoa. Alimwita Violet, akamwomba ruhusa autazame mgongo wake, na Violet akageuka na kuinua blauzi kidogo. Elihuruma akasema kesho haendi kazini, wanakwenda hospitali. Kwa mkewe alisema jambo moja tu, usiku huo walipokuwa wanafunga milango: kwamba yeye ana macho ya kumwona chui juu ya mti kutoka mbali, watalii wanamshangaa, na hakuwahi kumtazama binti yake mgongoni.

Hospitali walipiga picha. Daktari wa mifupa alikuwa mama wa makamo, mtu wa kusema taratibu. Aliwaonyesha uti wa mgongo wa Violet kwenye skrini, ukienda kama njia ya mlimani inayokwepa jiwe. Akauliza ulianza lini kupinda. Wazazi wengi, alisema, hawajui. Aikaeli alijua. Alieleza nguo kwa nguo, msimu kwa msimu, kiasi gani bega lilikuwa limeshuka, ni lini mbavu za kulia zilianza kujaa. Daktari aliacha kuandika akamtazama.

"Ulikuwa unampima wakati wote huu?"

"Ndiyo, daktari."

"Na hukumleta."

Aikaeli alimgeukia binti yake. Violet alikuwa amekaa katikati ya wazazi wake, macho yake yako kwenye picha.

Daktari hakuendelea na hilo. Alieleza kwamba Violet bado anakua, na hiyo ni bahati na ni hatari pia. Angetengenezewa kizibao kigumu cha plastiki, cha kufungwa kwa mikanda, avae mchana na usiku isipokuwa wakati wa kuoga. Kisingeunyoosha mgongo. Kingeuzuia usipinde zaidi, mpaka mwili umalize kukua. Kama angeletwa mapema, alisema, wangeanzia mahali pazuri zaidi. Lakini wanaanzia hapa.

Baada ya siku hiyo Aikaeli alifunika cherehani. Alipoiona ilimtia uchungu, hasa kwa kuwa aliendelea kuitamani. Alikuwa akikaa ofisini akikumbuka jinsi alivyojivunia ule mkunjo wa bitana wa ngazi, na kuona kwamba mikono yake ilikuwa imempa kitu cha kufanya kila alipoogopa. Kitambaa kilikubali kunyooshwa. Kwa hiyo alinyoosha kitambaa.

Kizibao kilikuwa kigumu na cha joto. Chini yake Violet alivaa fulana za kununua, nazo zilijikunja, na mishono ya ubavuni ilimchoma mpaka ngozi ikawa nyekundu. Alivumilia. Hakumlalamikia mama yake. Walizungumza habari za chakula na shule, basi. Mwishowe, jioni moja, Aikaeli akiwa anachambua mchele, Violet alikuja akasimama mbele yake na fulana mkononi, ameigeuza ndani nje.

"Mshono usikae hapa," alisema, akionyesha ubavu. "Ukae mbele, au usiwepo kabisa. Unaweza?"

Aikaeli aliweka ungo pembeni. Alisema anaweza kujaribu.

"Lakini nitapima mwenyewe. Na usiniwekee kitu begani. Kwenye nguo yoyote, mama. Hata kama haitakaa vizuri."

"Sitaweka."

Siku zote Aikaeli alikuwa amechukua kipimo cha upande mmoja na kukitumia kwa pande zote mbili, kisha kufidia tofauti kwa bitana, kimyakimya. Sasa Violet alishika futi mwenyewe, mama yake akimsaidia kufikia mgongoni tu, na akavitaja vipimo kwa sauti: kulia hivi, kushoto hivi. Aikaeli aliandika kwa chaki juu ya meza. Ilikuwa mara ya kwanza vipimo vile kutamkwa ndani ya nyumba ile. Walikata fulana kwenye pamba laini ya shuka la zamani, mshono mmoja tu, mbele, bapa. Ya kwanza ilibana. Ya pili Violet alilala nayo, na asubuhi ngozi haikuwa na alama.

Gauni la kipaimara lilikuwa limeshonwa kabla ya kizibao, kwa hiyo halikufungika tena. Aikaeli alimrudisha Violet Kwa Mrombo. Kwa miaka yote hakuwahi kumwacha mtu mwingine ampime mwanawe mbele yake. Alikaa kwenye benchi la mlangoni, mkoba mapajani, akamwachia Susana kazi yake. Kabla ya kuondoka alimshukuru. Susana alidhani anashukuriwa kwa kulipanua gauni.

Jumapili ya kipaimara kanisa lilijaa. Mlima Meru ulikuwa wazi kabisa asubuhi ile, na baridi yake ilikuwa bado kwenye viti. Wasichana waliingia kwa mstari, wote weupe, na mtu yeyote aliweza kumwona Violet: alitembea akiwa amekakamaa kidogo, gauni limejaa kiunoni, bega moja chini ya lingine. Shangazi wa upande wa Elihuruma, aliyetoka Moshi alfajiri, alimnong'oneza Aikaeli kwamba gauni la mtoto limekwenda upande, fundi gani huyo. Mikono ya Aikaeli ilitaka kuinuka ikalinyooshe.

"Gauni liko sawa, shangazi," alimjibu. "Ni mgongo wake. Umepinda, tunautibu."

Shangazi akamshika mkono, na wakabaki hivyo mpaka majina yakaanza kuitwa.

Picha iliyopigwa hospitali mwaka uliofuata ilionyesha kwamba mgongo haukuwa umepinda zaidi. Daktari alisema ndicho walichokitaka. Violet yuko kidato cha pili sasa, na hashonewi tena nguo zote. Nyingine anazichagua mwenyewe kwenye mitumba ya soko la Kilombero, mashati makubwa ya kiume anayoyapenda. Fulana za ndani bado ni za mama yake. Siku za kupima hasemi mengi kama zamani. Husema kipimo, hunyamaza, na mara nyingine, akiwa amempa mama yake mgongo, huanza kueleza jambo la shuleni. Aikaeli ameacha kushika pini kwa mdomo. Anazichomeka kwenye mkono wa blauzi yake, ili Violet akimuuliza kitu aweze kujibu.