Mama Aliyeumuka

"Mjomba, Mama amenenepa."

Alikuwa amesimama mlangoni miguu mitupu, sare ya chekechea imefungwa vifungo kombo, na mikononi ameshika kisahani cha sabuni kwa uangalifu wa mtu aliyebeba maji yaliyojaa pomoni. Mimi ndiyo kwanza natoka kazini, nina unga hadi kwenye kope. Nikainama kutazama. Juu ya kisahani alilala mwanamke mwekundu, mnene wa kupindukia: mashavu yamevimba, tumbo limetuna, miguu miwili imeungana kuwa mmoja. Nikamnusa, nikajua nilichofanya. Harufu ya hamira haimpotei mwokaji.

Wakati ule mpwa wangu hajatimiza miaka mitano. Mimi nilimwita Kinyunya, jina la kile kimkate kidogo ambacho mtoto huokewa kwa unga uliobaki ili aache kusumbua watu jikoni. Leo ana watoto wake, ana miguu mirefu kuliko yangu, na akinisikia nikimwita hivyo mbele za watu hunikata jicho. Siku ile aliitika.

Dada yangu, mama yake, alikuwa hospitali. Alipasuliwa tumbo, kidonda kikakataa kupona, akapasuliwa tena. Shemeji yangu alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, siku nyingi yuko njiani akitafuta riziki. Basi mtoto akaletwa kwangu, kapera anayejua kuoka mikate elfu lakini hajui kumsuka mtoto nywele. Aliyeniokoa ni jirani yangu, mwalimu wa chekechea. Kila siku mimi nilitoka alfajiri. Yeye alikuja kumwamsha, akamvisha, akaenda naye shule, na mchana akamrudisha na kumpakulia.

Kilichotushinda sote wawili ni kula. Mara ya mwisho kupelekwa hospitali, Kinyunya alimwona mama yake mifupa mitupu chini ya shuka, na tangu hapo alikuwa anakichezea chakula tu. Hakulia wala hakugoma. Alikisogeza kutoka upande huu wa sahani hadi ule, kisha akasema ameshiba, ahsante. Mashavu yake yakaanza kuingia ndani. Nilimwokea mikate ya umbo la kobe, la samaki, la ufunguo. Akaipanga dirishani kwa mstari, ikakauka. Mwokaji ambaye nyumbani kwake kuna mtoto asiyekula mkate hana la kujivunia. Niliogopa, nasema kweli. Dada aliponiuliza kwenye simu kama mtoto anakula, nilijibu anakula, huku nikitazama pembeni kana kwamba ananiona.

Jumapili moja mwalimu akanijia na agizo. Watoto wa darasa lake walikuwa na unga wa kuchezea, wa kufinyangia wanyama na vikombe, na kila wiki nyumba moja iliukanda. Zamu yangu imefika. Akanitajia vitu vyake: vikombe viwili vya unga wa ngano, kikombe kizima cha chumvi, mafuta kidogo, maji ya uvuguvugu, na rangi, ile tunayotia kwenye keki.

"Kikombe cha chumvi?" nikamuuliza.

"Kikombe. Ndiyo inayouzuia usiharibike, na mtoto akiuonja mara moja harudii."

Nikamwambia mtu hamfundishi mwokaji unga. Ni kauli ambayo hajaacha kunikumbusha mpaka leo, hasa mbele ya wageni.

Tukaukanda, mimi na Kinyunya, yeye kasimama juu ya kigoda. Nikamwonyesha siri ya kazi: unga uliokubali huwa laini kama ndewe ya sikio. Akashika donge kwa mkono mmoja na sikio langu kwa mkono mwingine, akafinya vyote viwili, akafikiri, kisha akatoa hukumu kwamba sikio limezidi ugumu, likandwe tena. Ilikuwa mara ya kwanza kunitania tangu aje. Nilifurahi hadi nikasahau ninachofanya, nikaiachia kazi mikono, na mazoea yana taabu. Miaka yote mkono wangu wa kulia umezoea kuchota chumvi kwa vidole vitatu, na wa kushoto kunyunyiza hamira bila kuniomba ruhusa. Kile kikombe cha chumvi kilibaki mezani kimejaa. Jioni nilikikuta, nikadhani ni sukari, nikatia kijiko kizima kwenye chai, nikaitema, na hata hapo akili haikunijia.

Kinyunya hakufinyanga kobe wala kikombe. Alivingirisha kipande chembamba, akakitoa mikono na miguu, akaondoa sabuni kwenye kisahani, akamlaza mama yake humo. Alimfunika kitambaa kibichi, maana walifundishwa darasani kwamba unga ukiachwa wazi hukauka, akamweka karibu na jiko lililokuwa bado na joto. Nilijifanya natafuta mwiko.

Unyevu, joto, hamira, na chumvi isiyotosha hata kumtisha sisimizi. Kesho yake mchana yule mama mwembamba ndiye akawa huyu ninayeonyeshwa mlangoni. Unga wa darasa nao, nilikuja kuambiwa, ulisukuma kifuniko cha ndoo ukamwagika kabatini juu ya chaki.

"Amepona," Kinyunya akasema. "Atakuja nyumbani mnene."

Nikafungua kinywa nimweleze. Nyuma yake mwalimu akanitolea macho, akaelekeza kidevu mezani. Sahani ya mchana ilikuwa tupu, imefutwa hadi tone la mwisho la mchuzi. Nikakifunga kinywa changu.

Ningeishia hapo, labda mambo yangejimaliza yenyewe. Lakini najua tabia ya unga ulioumuka: ukiachwa, hufika mahali ukachoka, ukabonyea. Kufika jioni yule mama angesinyaa mbele ya macho ya mtoto, na wazo hilo sikulivumilia. Nikamwambia Kinyunya kwamba huyu anahitaji joto kidogo, nikarudi bekari mchana uleule, kisahani nimekificha chini ya aproni, nikamwomba msimamizi wa zamu anipe nafasi ya upana wa kiganja kwenye tanuri. Alitazama nilichobeba, akaniuliza huyu ni nani. Nikamwambia ni dada yangu. Akafungua mlango wa tanuri bila kuuliza la pili.

Alitoka amekauka vizuri, mnene vilevile, wekundu umegeuka kahawia. Kinyunya akalala naye mto mmoja. Mtaa mzima ukaletewa habari: fundi cherehani, muuza mboga, mzee wa kuziba pancha, kila mmoja alionyeshwa Mama alivyonenepa, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumkatiza. Na alikula. Alikula kama anayeshindana na mtu, akaongeza, akaomba hata ukoko. Mimi nikajiambia nimefanya jambo jema, na kwa muda lilikuwa jema.

Kisha dada akaruhusiwa kutoka.

Shemeji ndiye aliyemleta, amemshika kiwiko. Kilemba kilimzidi kichwa, gauni limening'inia mabegani kana kwamba bado liko kwenye kamba ya nguo. Alikuwa anapona, daktari alisema hivyo, na macho yake yalikuwa yamerudi kuwa yake, yale ya kukutafutia kosa akutanie. Lakini mwili haurudi kwa siku moja. Kinyunya alikimbia hadi kizingitini na mama wake wa mkate mkononi, akasimama ghafla. Akamtazama mmoja, akamtazama mwingine.

"Siye huyu," akasema. "Mama yangu ni mnene."

Akaingia nyuma ya mlango, akajibana ukutani. Tulimbembeleza kwa zamu, hakutoka. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na mimi sijawahi kuzaa. Lakini nilipomwona dada yangu akiishusha mikono aliyokuwa ameinyosha, akaikunja mapajani kana kwamba hakuwa ameinyosha, nilitamani ardhi ipasuke nizame.

"Mwacheni," alisema. "Hata mimi nilipojiona kwenye kioo niliuliza huyu nani."

Mtoto aliposinzia, nilimsimulia dada yote: chumvi, hamira, tanuri, mtaa mzima. Alinisikiliza akiugeuzageuza ule mkate kiganjani, akiupima na mkono wake mwenyewe.

"Yaani umenioka, mdogo wangu," akasema. Akacheka huku ameshikilia kidonda, kisha kicheko kikakatika. "Mwambie kweli. Mimi huyu simuwezi."

Asubuhi yake nilimpeleka Kinyunya bekari. Nikamwonyesha mabeseni mawili, moja lina donge dogo na jingine limefura hadi ukingoni, nikamwambia ni unga uleule, tofauti ni muda na hamira. Halafu nikamwambia lililobaki. Yule wa kwenye kisahani hakunenepa kwa kupona. Mjomba alikosea, akatia hamira isipotakiwa. Yule ni mkate. Mama ni yule aliyekuja jana.

Alinipiga ngumi za paja, na mimi nikasimama palepale mpaka zikamwishia. Alipochoka akafuta pua kwa aproni yangu.

"Kwa hiyo Mama hajanenepa."

"Hajanenepa. Anapona, lakini hajanenepa."

"Mtamtia hamira?"

"Hapana. Mtu anataka chakula, na usingizi, na watu wake karibu. Halafu ni kungoja. Hata huu," nikagusa beseni, "ukiuharakisha unauharibu."

Sikuwa na hakika na ninachosema. Kilikuja kuwa kweli, lakini kilichukua karibu mwaka, na kuna siku katika mwaka huo nilidhani nimemdanganya mtoto mara ya pili.

Akaniuliza nitajuaje kama unga uko tayari. Nikamwonyesha: unabonyeza kwa kidole, unaondoa, unatazama. Kishimo kikirudi upesi, bado. Kikirudi polepole, tayari. Akapita beseni hadi beseni, akibonyeza na kutangaza "bado", na wanaume wazima wenye mikono minene kama magogo wakatua masinia yao wakamngojea. Alikuwa amekunja uso. Niliona kuna jambo analizungusha kichwani, lakini sikumuuliza.

Tuliporudi, dada alikuwa ameketi uani kwenye kiti cha kamba, anaota jua. Kinyunya akasimama mbali kidogo, mikono nyuma. Mama yake hakumwita. Hakunyosha mikono safari hii. Aliitia kwenye mifuko ya gauni, na nilijua ni kwa nguvu gani ameizuia humo. Nikaegemea mlango wa jikoni, nikaomba, mimi ambaye si mtu wa kuomba sana.

Mtoto akasogea. Akasimama, akasogea tena, mpaka magoti yake yakagusa ya mama yake. Akanyanyua kidole kimoja, kingali na unga, akambonyeza shavuni, pale penye mfupa. Akakiondoa, akainama, akatazama kwa makini.

"Bado," akasema.

Dada akaniangalia juu ya kichwa cha mwanawe, haelewi, anataka kuuliza. Nikamtikisia kichwa asiseme neno.

Kinyunya akapanda mapajani mwake, taratibu, akijihadhari na tumbo, akaegemeza kichwa kifuani, akakaa kungoja.